Kumbikumbi wa Mpakani

Persis alipofungwa ule mkanda wa kupimia presha mkononi, alimwambia daktari aukaze zaidi, maana hajawahi kuona dawa ya hospitali inayofanya kazi bila kuuma. Daktari Angwenyi akamweleza kwamba mkanda si dawa, ni wa kupimia tu. Akapuliza hewa, akasikiliza, akautazama mshale ukitetemeka kwenye kisaa chake, kisha akarudia kwenye mkono wa pili. Alipomaliza akavua miwani.

Orpah, mke wa mwanawe Persis, alikuwa amekaa pembeni na kikapu cha mama mkwe wake magotini. Hakupenda namna ile miwani ilivyovuliwa. Alishamwona daktari mwingine akivua miwani namna hiyo, zamani, kule kwao Sironga, wakati yeye yuko darasa la tano. Siku hiyo aliyepimwa alikuwa mama yake mzazi. Mama yake aliambiwa apunguze chumvi, akacheka, akaenda zake kuchuma majani chai. Mvua za mwaka ule hazikuisha akiwa hai. Orpah akabaki kulea wadogo zake, na shule akawa anaipita njiani akiwa na mtungi kichwani.

Daktari akasema Persis ameze vidonge kila asubuhi, aache chumvi, aache nyama ya mafuta, na arudi mvua kubwa zikishaisha. Akasema pia kwamba kwa presha kama hii, hasira moja mbaya inatosha kumwangusha mtu.

"Kuna jambo linakuudhi huko nyumbani, mama?"

"Hakuna," Persis akajibu haraka.

Orpah akatazama sakafu. Jambo lilikuwepo. Lilikuwa refu kupita mtu mzima, la udongo mwekundu, na lilisimama mpakani. Lakini Orpah hakuwa mtu wa kusema mbele ya madaktari. Sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba hata kuku wake, akiwaita, walikuja kwa kubahatisha.

Persis alitaka kujua mtu aliyenyang'anywa nyama ataishi kwa kitoweo gani. Daktari akamtajia maharagwe, samaki wasiotiwa chumvi, kuku aliyetolewa ngozi. Halafu akatabasamu, akasema sasa mvua zinakaribia, kuna kumbikumbi pia, wanajenga mwili kama nyama, mradi wakaangwe wakavu, bila mafuta na bila chumvi. "Lakini mama, si dawa ya presha. Usifike huko useme nimesema ni dawa."

Kabla basi halijaondoka mjini Kisii, abiria wote walikuwa wamejua kwamba daktari amemwandikia Persis dawa ya kumbikumbi. Mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi mapajani aliuliza ni wangapi kwa siku. Persis akamwambia inategemea unene wa mgonjwa. Alikuwa amechangamka kweli. Basi lilipoanza kupanda kuelekea Nyamira, ndipo akanyamaza ghafla. Orpah alijua amekumbuka.

"Kwa hiyo," Persis akasema mwishowe, akiangalia dirishani, "kitoweo changu kiko kwa yule mtu."

Yule mtu alikuwa Nyamweya, ndugu wa Ombati, marehemu mume wa Persis. Mashamba yao yalipakana kwenye mteremko wa upande wa Ikonge, na kichuguu kilikuwa katikati. Ombati alipokuwa hai hakuna aliyeuliza kichuguu ni cha nani. Mvua zikianza, ndugu hao wawili walikijengea pamoja kibanda cha kuwanasia kumbikumbi, wakagonga pamoja, na Persis akazikaangia nyumba zote mbili kwenye chungu kimoja. Kisha, miaka michache baada ya uhuru, wakaja wapima ardhi na minyororo yao. Mstari wao ukapita juu ya kichuguu, katikati kabisa, na wakapigilia kigingi kwenye kilele. Mwaka uliofuata mchwa walikuwa wamekimeza kile kigingi, na kichuguu kimeanza kunenepa kwa upande wa Nyamweya. Persis akasema Nyamweya anakimwagia maji kwa siri ili kihamie kwake. Nyamweya akasema kichuguu kina akili, kinajua jirani mwema ni yupi. Ombati, ambaye angeweza kuwacheka wote wawili, akafariki. Matanga yalipokwisha, Nyamweya akajenga kibanda peke yake, akakifunika kichuguu chote kwa matawi, majani ya migomba na blanketi kuukuu. Tangu hapo Persis hakumwita tena shemeji.

Na dini nayo ikaongeza kuni. Persis alikuwa Msabato, Nyamweya Mkatoliki, na kumbikumbi hawana dhehebu. Wakiamua kutoka Jumamosi, wanatoka Jumamosi. Kanisa la Wasabato lilikuwa ng'ambo ya bonde. Mchungaji akiwa katikati ya mahubiri, mlio wa vijiti vya Nyamweya ulivuka bonde na kuingia dirishani, ko-ko-ko, ko-ko-ko. Ndivyo kumbikumbi wanavyoitwa: unalaza gogo chini ya kichuguu, unaligonga kwa vijiti viwili, polepole kwanza halafu kwa haraka, mpaka wale walioko chini wadhani mvua inanyesha na saa yao imefika. Persis alikaa kwenye benchi amenyoosha shingo, mshipa ukimcheza juu ya jicho. Akina mama wenzake walidhani ameguswa na neno. Orpah, aliyekaa ubavuni mwake, alijua kilichomgusa.

Basi Orpah akaanza kupika bila chumvi. Mumewe, Joash, alifanya kazi kwenye kiwanda cha majani chai upande wa Kericho na alikuja mwisho wa mwezi tu, kwa hiyo vita vya jikoni alipigana peke yake. Chumvi ya nyumba aliipeleka kwa jirani. Persis alitafuna sukumawiki akiwa amekaza uso, kama mtu anayesikiliza habari za msiba wa mbali.

"Hizi mboga zimekufa?" aliuliza. "Kama zimekufa semeni, tuzike."

Wiki ya kwanza alilalamika asubuhi na jioni. Wiki ya pili akaacha kulalamika. Alikula, akafuta midomo, akashukuru. Orpah akaanza kuogopa, maana Persis aliyeridhika hakuwahi kumwona.

Aliyetoboa siri ni ng'ombe. Akina mama wa kanisa walikuja siku moja kumjulia mgonjwa hali, wakakaa uani kwenye viti, na yule ng'ombe mwekundu akaletwa kutoka malishoni. Badala ya kwenda zizini akakata uani moja kwa moja, akasimama mbele ya Persis, akatia ulimi wake wote kwenye mfuko wa aproni yake. Persis akamsukuma pua. Ng'ombe akarudi. Persis akainuka, akahamia kiti kingine huku akiendelea kusimulia habari za vidonge, na ng'ombe akamfuata kiti hadi kiti. Mwishowe mfuko ukachanika, na bonge la chumvi ya ng'ombe likaanguka katikati ya wageni, limelambwa upande mmoja likawa laini kama sabuni.

Kila mtu akalitazama.

"Daktari alikataza chumvi ya watu," Persis akasema kwa heshima zake zote. "Hii ni ya ng'ombe. Nani amewahi kuona ng'ombe mwenye presha?"

Akina mama wakacheka mpaka wakashikana mabega. Orpah hakucheka. Aliliokota lile bonge, akampa mwenyewe, yaani ng'ombe, kisha akaingia jikoni na kukaa huko muda mrefu. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, na moshi ukalaumiwa.

Kesho yake Persis, ambaye moyo wake haukuwa mgumu kama mdomo wake, alisema sawa, ataacha na ya ng'ombe. Lakini apewe basi kitu cha kutafuna, kitu chenye ladha yake chenyewe. Orpah akaenda soko la Ikonge. Mvua zilikuwa zimeanza, na kumbikumbi walikuwa wamepangwa kwenye magunia kwa mafungu, wamekaangwa vizuri, wanang'aa. Akainama, akamuuliza mwuzaji kwa sauti yake ile kama wametiwa chumvi. Mwuzaji akamwambia aseme tena. Akasema tena. Mwuzaji akacheka, akamwambia wametiwa chumvi ya kutosha, asiwe na wasiwasi. Wa fungu la pili pia. Wa mwanamke wa mwisho kabisa, karibu na machinjio, walikuwa na chumvi kuliko wote. Orpah akarudi na kikapu kitupu.

Hivyo jambo likawa wazi. Kumbikumbi wasio na chumvi ni wale uliowakaanga mwenyewe, na wale wa kukaanga mwenyewe walikuwa wanatoka mahali pamoja. Jioni hiyo, walipokuwa wanamenya ndizi, Orpah alisimamisha kisu. Alitazama tu upande wa mpakani.

"Usinitazamie huko," Persis akasema. "Bora nife na afya yangu."

Siku ziliendelea hivyo mpaka Jumapili moja. Mvua ilikuwa imenyesha hadi alfajiri, na adhuhuri jua likatoka kali, ardhi ikawa inafuka. Nyamweya na watu wake walikuwa wamekwenda misa, na baada ya misa kulikuwa na mkutano wa kujenga nyumba ya padri, mkutano ambao kwa kawaida haukuisha kabla ya jioni. Persis alikuwa bondeni kwenye majani chai, akihakikisha vibarua hawachumi majani yaliyokomaa. Orpah alikwenda kukata nyasi za ng'ombe karibu na mpaka. Akaona mchwa askari wenye vichwa vikubwa wamekwisha kufungua matundu chini ya kichuguu, wanazunguka-zunguka mlangoni kama watu wanaosubiri wageni.

Akaweka panga chini. Akaangalia huku na huku. Kibanda cha Nyamweya kilikuwa kimefunika kila kitu, nusu hii na nusu ile, na lile blanketi kuukuu limening'inia mlangoni. Gogo lilikuwa mahali pake. Vijiti vilikuwa juu ya gogo.

Mama yake alimfundisha kugonga kabla hajamfundisha kusonga ugali. Mdomo wa Orpah ulikuwa na haya, lakini mikono yake haikuwa nayo. Akapiga magoti upande wa Persis, akashika vijiti, akaanza kidogo kidogo, matone ya kwanza ya mvua juu ya jani la mgomba. Akaongeza. Akaongeza tena, mpaka gogo likawa linanguruma, na yeye mwenyewe akasahau kwamba kuna mtu anayeweza kumsikia.

Kule bondeni Persis aliusikia mlio akaacha kuwasimamia vibarua. Akadhani ni Nyamweya ameitoroka misa, na akafurahi kwamba Mungu naye ana masikio.

Lakini Nyamweya alikuwa njiani anarudi. Mkutano ulikuwa umevunjika mapema, kwa sababu mwenye funguo za chumba hakuonekana. Alikuja na koti lake la kanisani na kofia mkononi, naye pia akasikia mlio, na akaukata mteremko mbio kadiri umri ulivyomruhusu. Orpah akasikia kikohozi chake nyuma ya migomba.

Hapa ni lazima lieleweke jambo lilivyo kwa Wagusii. Nyamweya, kwa kuwa ndugu wa baba mkwe wake, alikuwa baba mkwe wake. Kati ya mwanamke na baba mkwe kuna chinsoni, haya ile ya heshima ambayo haichezewi. Haingii nyumbani kwake. Hampi kitu mkononi. Wakikutana kwenye njia nyembamba, mmoja anaingia vichakani. Na Orpah alikuwa amepiga magoti peupe, gauni limepanda, kitambaa kimemwanguka kichwani, anagonga gogo la baba mkwe wake kama mwizi.

Kichaka cha kuingia hakikuwepo karibu. Kulikuwa na kibanda tu. Akainua blanketi akaingia.

Ndani kulikuwa na giza, joto na harufu ya udongo uliolowa. Na kumbikumbi, ambao hakuna aliyewaambia kwamba mvua ilikuwa ya uongo, walikuwa wameanza kutoka. Walitoka kwa mamia, mabawa yakisugua, wakipanda juu ya chochote kilichosimama, na kilichosimama kilikuwa Orpah. Waliingia kwenye nywele. Waliingia shingoni. Mmoja alifika kwapani akatulia huko kana kwamba amefika kwao. Orpah akafunga macho, akafunga mdomo, akaomba Mungu baba mkwe wake apite.

Nyamweya hakupita. Aliona panga, akaona nyasi zilizokatwa, akaona nyayo mbili zimechomoza chini ya blanketi. Alizijua ni za nani. Nani mwingine ana miguu midogo hivyo pale mpakani. Papo hapo akageuka, akakipa kibanda mgongo. Na hapo ndipo alipoona namna alivyokwama. Hawezi kumvuta mke wa mwanawe. Hawezi kumkemea uso kwa uso. Hawezi hata kusogea. Kichuguu ni chake, kibanda ni chake, kumbikumbi anawasikia wanatoka, na yeye amesimama kama nguzo ya simu, anatazama mgomba.

"Mgomba," akauambia, kwa kuwa ndio uliokuwa mbele yake, "kuna mtu ndani ya kibanda changu?"

Mgomba ukanyamaza. Kutoka kibandani ikasikika chafya ndogo.

"Mgomba, mwambie huyo mtu atoke kwa upande wa kwao, mimi sitatazama."

Orpah angetaka kutoka. Lakini akitoka upande wowote ataonekana, na gauni lake lilikuwa limejaa kumbikumbi kiasi kwamba hakuwa na hakika angetoka na heshima. Akabaki.

Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyeweza kumtoa huyo mwanamke mle ndani, na Nyamweya hakuwa amesemezana naye tangu matanga. Akakohoa. Akavaa kofia, akaivua. Halafu akaelekeza uso bondeni, akapaza sauti.

"Mama Joash. Njoo umtoe mtoto wako."

Persis alipanda mteremko mbio akidhani Orpah ameumia. Alipofika akaona miguu, akaona mgongo wa Nyamweya, akaelewa yote mara moja, na kabla hajapata pumzi akaanza. Ilikuwa ni miaka ya maneno yaliyokuwa yamewekwa akiba. Alianza na kigingi, akaja kwenye maji ya kumwagiwa kichuguu, akapita kwenye vijiti vya Jumamosi. Nyamweya alijibu bila kugeuka, akiutazama mgomba, hivyo ilionekana kama wanagombana watatu. Alisema aliyejenga kibanda ndiye mwenye kibanda. Persis akasema kibanda chukua, uondoke nacho, kichuguu uache. Nyamweya akauliza kichuguu kinaachwaje bila kibanda. Persis akamwambia hata mana jangwani haikuokotwa siku ya Sabato, lakini wenzetu wa Jumapili wanaokota tu. Nyamweya akasema kumbikumbi si mana, na kama ni mana basi imeangukia upande wake.

Orpah aliwaona kupitia upenyo wa majani. Hakumtazama Nyamweya. Alimtazama Persis, na ule mshipa juu ya jicho lake, umevimba kama mnyoo, na rangi iliyokuwa imempanda kutoka shingoni. Rangi hiyo aliijua. Mara akasahau walioko kwenye nywele na yule wa kwapani.

Labda ni kwa sababu hakuna aliyekuwa anamwona. Labda ni ule uwazi wa kibanda, uliochukua sauti yake na kuitoa nje ikiwa nene kuliko alivyoijua mwenyewe.

"Mama," akasema.

Persis akakatiza neno katikati. Hata Nyamweya alikaribia kugeuka.

"Mama yangu pia aliicheka chumvi. Nilimkuta katikati ya majani chai, kikapu bado kiko mgongoni. Nilikuwa darasa la tano. Sitaki kukukuta wewe hivyo."

Upepo ukapita kwenye migomba. Persis akaweka mkono kifuani, kisha akakaa chini pale pale juu ya nyasi za ng'ombe.

"Na wewe Baba," sauti ikaendelea, "unisamehe, naongea nikiwa nimejifunika. Wameshatoka. Mkiendelea hivi wataruka wote, wa nusu yako na wa nusu ya Mama, halafu mtakuwa na udongo wa kugombania."

Nyamweya akakuna kichwa. Mgomba haukuwa na la kuongeza.

"Wako wengi?" akauuliza.

"Wengi," sauti ikasema. "Naomba kikapu, Baba. Wanaingia mdomoni."

Kikapu kilikuwa karibu na Nyamweya, na kibanda kilikuwa nyuma yake. Akakichukua, akaanza kurudi kinyumenyume, hatua fupi fupi, koti la kanisani likipepea. Persis alimwangalia. Alijaribu kubaki na hasira yake, lakini haikukaa.

"Kushoto," akasema. "Kushoto kidogo. Hapo pana mavi ya ng'ombe."

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kwako, shemeji. Mimi nimekaa."

Neno lilikuwa limeshatoka. Nyamweya akakanyaga mavi, akasimama kidogo, akaendelea kurudi kinyumenyume. Persis akaanza kucheka, akacheka mpaka akalala chali juu ya nyasi, na vibarua walioacha chai waje kuona ugomvi wakakuta kicheko, wakarudi kazini wamevunjika moyo.

Nyamweya akakiweka kikapu chini bila kukitazama kibanda, mkono mwembamba ukatoka chini ya blanketi ukakivuta ndani. Kilipojaa kikasukumwa nje, na kingine kikaingia. Walioponyoka wakapanda juu angani, wakang'aa juani, na kunguru wa pande zote mbili wakashiba.

Waliwakaanga kwa Persis, kwenye kile chungu cha zamani, wakavu, mpaka mabawa yakadondoka na harufu ikatembea hadi barabarani. Orpah alikaa ndani akiwa amebadili gauni. Nyamweya alikaa uani, mbali na mlango kama inavyotakiwa, na sahani yake akaletewa na Persis. Akatafuna kiganja kimoja. Akatafuna cha pili kwa uangalifu. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kama hakuna chumvi katika mji huu.

"Hakuna," Persis akasema. "Ukizidiwa, muulize ng'ombe."

Wakapatana hivi: Jumamosi atagonga Nyamweya, Jumapili atagonga Orpah, na watakaopatikana siku yoyote watagawanywa nusu kwa nusu. Kulikuwa na swali la Sabato, kama inafaa kula kilichookotwa siku hiyo. Persis aliliwaza peke yake akaamua kwamba kumbikumbi aliyeokotwa na Mkatoliki na kuletwa Jumapili ni zawadi tu kama zawadi nyingine. Mchungaji hakumsumbua kwa swali hilo. Mchungaji alikuwa na kazi nyingi.

Mvua zilipoisha wakarudi mjini. Daktari Angwenyi akafunga mkanda, akapuliza, akasikiliza. Orpah alikuwa anatazama miwani tu. Daktari akapima mkono wa pili, akainua uso, na miwani ikabaki puani.

"Imeshuka," akasema. "Haijafika tunapotaka, lakini imeshuka vizuri sana. Umefanya nini?"

Persis akasema ni kumbikumbi, na kama daktari anataka, anaweza kuletewa. Daktari akakumbusha tena kwamba hakusema ni dawa. Akasema vidonge vimefanya kazi yake, kukosa chumvi kumefanya kazi yake, na kuacha mafuta vilevile, na yeye hawezi kujua kipi kimefanya zaidi. Akauliza tena, kama alivyouliza mara ya kwanza, kama kuna jambo nyumbani linalomuudhi.

"Kulikuwa na mtu," Persis akajibu. "Lakini siku hizi ni shemeji tu."

Nyumbani kila mmoja alichukua sifa yake. Nyamweya alidai ni kumbikumbi wa nusu yake, kwa sababu wanatoka upande wenye jua. Persis alidai wa nusu ya Nyamweya wana mafuta na walimchelewesha kupona. Jumamosi, kanisani, mlio wa vijiti ulipovuka bonde, Persis alifumba macho kwenye benchi, akasikiliza, kisha akamnong'oneza Orpah kwamba yule mzee anagonga haraka mno, atawatoa wembamba.

Lakini habari njema humlewesha mtu. Siku chache baadaye Orpah alipakua mboga, akaona Persis anakula kwa furaha, anafuta midomo, anashukuru. Akamtazama vizuri. Ng'ombe mwekundu, aliyefungwa uani, alikuwa amenyoosha shingo mpaka kamba imekaza, pua ikielekea kwenye kitambaa cha kichwa cha Persis, pale nyuma kwenye fundo.

Orpah akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akaingia ndani, akarudi na blanketi, akalitanda juu ya kichwa chake lote hadi magotini, akasimama mbele ya mama mkwe wake kama kichuguu kidogo.

"Mama," ikatoka ile sauti nene. "Toa."

Persis akalitazama blanketi. Akamtazama ng'ombe. Akaguna, akainua mikono, akaanza kufungua fundo.